Unga Uliovuka Ua wa Jirani

Nilifika Embu nikinuka molasi, ile rojo nyeusi ya miwa. Tulikuwa tumetoka Mumias siku mbili kabla, mimi na dereva na mapipa yaliyofungwa kwa kamba za katani, na kwenye kila mlima mapipa yale yalivuja, weusi ukateremka mpaka kwenye magurudumu. Kapsabet tulinyeshewa. Nyahururu tulilala ndani ya lori, na kulipokucha vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa hata nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Kutoka Karatina kushuka Sagana nyuki walitufuata. Mimi nilikuwa juu, kazi yangu ikiwa kuangalia pipa lisilegee, na dereva alipandisha vioo vyake akapiga kelele, "Vumilia, bwana! Wewe ndiye mwenye sukari!" Nikajifunika turubai. Nilipotoa kichwa tena tulikuwa tumefika Mwea, mashamba ya mpunga yamejaa maji pande zote mbili, na mbele yetu Embu inapanda kijani kuelekea mlimani.

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Nilizaliwa Taveta, nikamaliza kidato cha nne hukohuko, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali popote zaidi ya miaka mitatu. Nilikata mkonge Mwatate, nikafunga maua Naivasha, nikapakia miwa Mumias. Nikiwa mahali huwa natamani nilikotoka. Nikirudi nilikotoka, nakuta watu wamejenga pengine, wamekata miti niliyoikumbuka, na mimi ni mgeni tena. Basi nilipoambiwa lori linahitaji mtu wa kusaidia hadi Embu, sikuuliza mara mbili.

Molasi ilikuwa ya mradi mmoja wa mifugo uliokuwa na ghala nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Runyenjes. Aliyetupokea alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke aliyenizidi vyeo vyote ila umri, amevaa buti za mpira na koti lililochakaa viwiko. Nilikuwa nikiandika hesabu ya mapipa kwenye kipande cha boksi. Akakichukua, akakitazama.

"Huu mwandiko umefundishwa na nani?"

"Na fimbo, daktari."

Akacheka. Jioni ile lori liliondoka bila mimi.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya majani. Wanawake wa miteremko ya Embu walileta matawi ya kaliandra, ule mti mdogo wenye maua mekundu kama brashi ya kunyolea, ambao wengi wao walishaupanda kingoni mwa matuta. Tulikausha majani kivulini juu ya nyavu, kwa maana jua kali huyaharibu, kisha tukayasaga kwenye kinu cha posho na kuyachanganya na molasi kidogo. Bila molasi ng'ombe wengine hugoma, kwa sababu majani yale yana ukakasi kama ndizi mbichi. Na ukakasi huohuo ndio uliokuwa dawa. Daktari alinieleza mara ya kwanza tukiwa tumeketi juu ya magunia. Ng'ombe akila nyasi, tumboni mwake nyasi zinachacha, na gesi inatengenezwa. Watu hudhani inatoka nyuma. Hapana, nyingi hutoka mdomoni, kwa mbweu, akiwa amelala anacheua. Gesi hiyo, methani, huenda juu na kuongeza joto la dunia. Tena ni hasara, akasema, maana kile kinachopotea hewani kingebaki ndani kingekuwa nguvu, kingekuwa nyama na maziwa. Ule ukakasi huwapunguza wale wadudu wadogo wa tumboni wanaotengeneza gesi.

"Tunajua unga huu unafanya kazi kwenye banda la utafiti," alisema. "Hatujui kama unafanya kazi kwa ng'ombe wa mtu wa kawaida, anayetembea kutafuta majani."

Ng'ombe hao wa kutembea walikuwa Muthara, Tigania, mbali upande wa pili wa mlima. Alihitaji mtu wa kukaa huko, kugawa unga, kupima na kuandika. Nilipanda pikapu ya mradi pamoja na magunia. Tulipita Chuka na Nkubu, tukiteremka mtoni na kupanda, tukiteremka na kupanda, na kuanzia Meru mjini tukageukia milima ya Nyambene. Nyuma ya magunia nilikuwa nimepanga miche ya kaliandra mia moja hivi, imefungwa kwa karatasi za nailoni, niliyoiomba kwa wanawake wa Embu. Hakuna aliyeniagiza miche hiyo. Hilo nalisema mapema, kwa sababu mengi yaliyofuata yalianzia kwenye miche ile.

Muthara nilipangishiwa chumba kwa mama mmoja mjane, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka. Alinipokea kwa salamu ya Kimeru, "Muga!" nami nikamjibu vibaya, akanirekebisha kabla sijashusha begi. Aliposikia Kiswahili changu aliniita Mswahili, na kijiji kizima kikachukua jina hilo. Nilijaribu kueleza kwamba Taveta si pwani. "Kwani hapo mbele ya Voi si pwani?" alisema. "Wewe ni Mswahili. Kunywa chai."

Tulikuwa na nyumba kumi na mbili, kila nyumba ng'ombe mmoja. Daktari alikuja siku ya kuanza, na vikaratasi vikawekwa ndani ya sufuria, kila mwenye nyumba akachota chake. Sita wangepewa unga wa kaliandra, sita wangepewa pumba ya mahindi yenye molasi ileile. Mama mwenye nyumba yangu alipata unga. Jirani yake wa ng'ambo ya ua, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa shoga yake tangu walipoolewa hapo mwaka mmoja, alipata pumba.

Daktari alieleza kwa nini kundi moja lazima likose. Alieleza vizuri, lakini alieleza kwa Kiswahili cha kitabu kilichochanganyika na Kiingereza, na wengi walikuwa wanangoja mimi niseme kwa maneno mepesi ili kijana wa chifu ageuze kwa Kimeru. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Nyambene. Watu walikuwa wanatazama mahindi yao yaliyoanikwa. Nikasema, "Hawa watapata sasa, hawa watapata baadaye, kila mtu alishe cha kwake." Watu wakapiga makofi, wakatawanyika kukimbilia mahindi. Daktari aliniuliza, "Umewaambia yote?" Nikamwambia ndiyo.

Kifaa cha kupimia kilikuwa kama tochi. Asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka, unasimama hatua tatu kutoka kwake akiwa amelala anacheua, unakielekeza puani, unangoja, nambari zinapanda kila anapopiga mbweu. Unaandika. Kazi hiyo ilinifanya niwe kichekesho cha Muthara yote. Yule jirani mnene alikuwa hanikosi.

"Mswahili! Ng'ombe ikipiga mbweu unaandika?"

"Naandika, mama."

"Na mzee wangu akipiga? Njoo jioni akishakula maharagwe, utajaza kitabu."

Nilikuwa nacheka mpaka kifaa kinatikisika na inabidi nianze upya. Nasema kweli, sijawahi kuwa na asubuhi nzuri kama zile. Ukungu ukiwa bado umelala chini kwenye tambarare za Isiolo, ng'ombe wakitoa moshi puani, na mama akinitolea kikombe cha chai yenye maziwa mengi kuliko maji.

Ile miche nilimpa yeye. Nilimwambia nilivyoona Embu, wanawake wakileta majani ghalani na kulipwa. Nilimwambia daktari amesema, na alikuwa amesema kweli, kwamba unga ukionyesha kufanya kazi Muthara, mradi utajenga kibanda cha kukaushia hapohapo Muthara na kununua majani kwa watu. Mama alikuwa na kipande cha shamba nyuma ya nyumba, alichokuwa akilima mahindi na maharagwe. Alikipanda kaliandra chote. Mimi nilimchimbia mashimo.

Sikujua kwamba kipande hicho kilikuwa na kesi. Marehemu mumewe aliacha ndugu mmoja, mzee wa kanisa, mtu wa kofia na fimbo nyembamba, aliyekuwa akikitaka apande miraa. Alikuja kutazama miche ikiwa imefika magotini.

"Sasa unalima kuni?" akamwuliza shemeji yake.

"Nalima majani ya kuuza."

"Majani ya kuuza ni ile yangu, ile ya kutafuna. Hii nani ananunua? Huyu?" Akaninyooshea fimbo. "Huyu hata suruali ya pili hana."

Mama alimtolea kiti, akamtolea chai, na wakaongea kwa Kimeru muda mrefu. Alipoondoka alinieleza. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa. Wamempa mpaka mvua za pili. Kama majani yatakuwa yamepata mnunuzi, kipande ni chake na hakuna atakayemsumbua. Kama hayajapata, shemeji ataingia na miraa yake. "Kwa hivyo hiyo tochi yako," alisema, "ipime vizuri."

Kiangazi kilikuja kikali. Nyasi za karibu ziliisha, ng'ombe wakawa wanakwenda mbali kuelekea chini, kundi moja la kijiji, kila nyumba ikishika zamu ya kuchunga. Nami nikaanza kuona jambo lililonitatiza. Nambari za ng'ombe wa unga zilikuwa zimeshuka, sawa. Lakini za wale wa pumba nazo zilikuwa zimeshuka, karibu kiasi kilekile. Nilibadilisha betri. Nilifuta kioo kwa kitambaa cha shati. Nilipima ng'ombe wa mtu mwingine kabisa, ambaye hakuwa kwenye orodha, na huyo alitoa nambari kubwa kama zile za siku ya kwanza. Kifaa kilikuwa kizima.

Jibu nililipata wiki hiyohiyo bila kulitafuta. Nilirudi nyumbani kuchukua kalamu, saa mbili asubuhi, nikamkuta mama amesimama kwenye ua wa minyaa, ameinua bakuli la unga juu ya ua, na upande wa pili jirani amenyoosha leso yake kupokea.

"Mama, hiyo ni ya nini?"

"Ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Ya huyu. Kwani yangu inatembea peke yake?"

Jirani akakunja leso, akacheka. "Mswahili, andika na yangu! Inakula vizuri, hata inaramba bakuli."

Nilisimama pale. Mama aliniona nilivyokuwa, akadhani sijaelewa, akanieleza kwa upole, kama mtu anavyomweleza mgeni mahali pa choo. Wakati wa kiangazi hulishi ng'ombe wako ndani ya ua na ya jirani inalia nje ya ua. Wanaotembea pamoja hula pamoja. Mtoto wako akinywa maziwa hayo, alisema, anakunywa kilio cha mtu. Kwa hiyo tangu nyasi ziishe alikuwa akigawa bakuli katikati, nusu huku, nusu kule. Na nyumba nyingine za unga? Zote, alisema. Kila moja ina jirani. "Hata yule mchoyo wa kule chini anagawa, lakini yeye anagawa kidogo."

Sheria ya mradi ilikuwa imeandikwa mwanzo wa kitabu changu. Nyumba itakayogawa unga iondolewe, magunia yake yachukuliwe. Nilitakiwa kumpigia daktari siku ileile. Nilitembea mpaka mahali penye mtandao mzuri, karibu na josho, nikashika simu. Nikafikiri: nikisema, wote sita wanaondolewa, na mama ndiye wa kwanza. Mradi unafungwa. Kipande kinakwenda. Nikafikiri pia, na hili sikulisema kwa mtu yeyote kwa muda mrefu, kwamba daktari angeniuliza tangu lini, na yale maneno yangu mafupi ya siku ya mawingu yangetoka. Nikarudisha simu mfukoni. Nilijiambia nitaongea na kina mama, waache, nambari zitajirekebisha zenyewe.

Sikuongea nao. Ningewaambiaje? Ningesimama kwenye ua ule na kumwambia mwanamke yule amnyime shoga yake wakati ng'ombe inalia? Kila nilipojaribu, mmoja wao alitoa mzaha, nami nikacheka, na asubuhi ikapita. Mwisho wa kila wiki kulikuwa na fomu ya kutia sahihi, na ndani yake mstari mmoja uliosema hakuna mnyama wa kundi la pumba aliyekula unga. Nilitia sahihi. Wiki baada ya wiki niliitia kwa mwandiko uleule mzuri uliofundishwa na fimbo.

Daktari alikuja kiangazi kikiisha. Alikaa kwenye kiti cha mbele cha gari, mlango wazi, vitabu vyangu vikiwa magotini mwake, nami nimesimama nje. Alifungua ukurasa huu, akarudi ule. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma barua ya msiba.

"Zimeshuka zote sawa," akasema. "Za unga na za pumba."

"Ndiyo, daktari."

"Basi ni msimu. Ni nyasi zilibadilika. Si unga." Alifunga kitabu akakifungua tena. "Wewe umekaa nao. Kuna kitu umekiona ambacho hakimo humu?"

Hapo ndipo penyewe. Nimerudi mahali hapo mara nyingi kuliko nilivyorudi Taveta. Swali lilikuwa fupi, la upole, halikuwa na mtego. Kama ningesema, na kumtajia yule ng'ombe wa nje ya orodha, angejua mara moja kwamba unga wake unafanya kazi, tena hata ukigawanywa nusu, kwa ng'ombe wanaotembea wakati wa njaa. Angejua jambo zuri kuliko lile alilokuja kulitafuta. Ningefukuzwa mimi, labda. Lakini kibanda kingejengwa.

"Hapana," nikasema. "Yote yamo humo."

Aliwashukuru kina mama kwenye veranda ya shule, akawaambia kwamba unga haukuonyesha tofauti na mradi hautaendelea Muthara. Mama aliinua mkono. "Lakini ng'ombe zetu zimepitisha kiangazi na maziwa."

"Nimesikia, mama, na ninafurahi," daktari alisema. "Lakini vipimo ndivyo vinavyoamua, na vipimo vimekataa."

Wanawake wakanigeukia mimi, mwenye vipimo. Nikatazama viatu vyangu. Waligawiwa sukari na sabuni, na gari likaondoka. Mimi nilibaki, kwa kuwa nilikuwa nimelipia chumba mpaka mwisho wa mwezi na sikuwa nimejua pa kwenda.

Siku ya tatu yule shemeji alikuja na kamba, akapima kipande kwa hatua, akapigilia vijiti kwenye pembe nne. Hakusema neno baya. Alisema tu kwamba vijana wake watakuja Jumatatu na mapanga. Mama hakumtolea kiti.

Kesho yake nilimkuta anakata kaliandra mwenyewe, mmoja mmoja, kuanzia pembeni, anapanga matawi kwenye mafungu. Ilikuwa imenifika mabegani, majani mengi, imara. Nikamwuliza kwa nini asingoje.

"Wakate wao? Nimepanda mimi, nakata mimi." Hakunitazama. "Lakini nashangaa, Mswahili. Hiyo ng'ombe yangu naijua tangu izaliwe. Kiangazi kile cha mwaka uliopita ilikuwa mifupa. Hii mara imenipa maziwa. Tochi inasema hapana. Nani mwongo, mimi ama tochi?"

Nikamwambia. Nilikaa chini kwenye udongo, nikamwambia yote: kwamba kazi yote ilikuwa kulinganisha waliokula na wasiokula, na kwamba bakuli lake lilipovuka ua hakukuwa tena na asiyekula. Kwamba nilijua. Kwamba daktari aliniuliza.

Alikata tawi moja zaidi, akaliweka kwenye fungu. Nilitegemea aone aibu, nikawa tayari kumwambia asione. Nilikuwa nimelibeba wazo hilo miezi yote ile, kwamba nilinyamaza ili kumfichia aibu yake.

"Sasa mbona hukutuambia?" alisema. "Mngeniuliza ningesema. Ningesema mbele ya huyo daktari wenu, ningesema mbele ya chifu. Kugawa ni kosa? Tungekubaliana. Tungesema sawa, mwezi huu wewe kosa unga, nami nitakupa maziwa kwa chupa. Kwani sisi ni watoto?"

"Nilidhani ningewaaibisha."

"Wewe ndio una aibu. Usiniwekee yako." Akafuta panga kwenye sketi. Halafu, na hili ndilo lililonivunja kuliko hasira, uso wake ukafunguka. "Kwa hivyo inafanya kazi."

"Inafanya kazi, mama."

"Inafanya kazi hata nusu bakuli."

"Hata nusu."

Aliacha kukata. Akaanza kupanga pale pale, kwa haraka, akihesabu kwa vidole. Jumapili, baada ya ibada, kikundi cha kina mama hubaki kanisani kufanya mkutano wao. Shemeji yake ni mzee wa kanisa, atakuwepo. Mimi nitasimama niseme kama nilivyosema hapa shambani, na nionyeshe vile vitabu, kwa maana nilikuwa na nakala. Kikundi kikishasikia, wote watamwambia shemeji mbele ya mchungaji angoje. Kisha watampigia daktari pamoja, simu moja, sauti ya kwanza yangu na ya pili ya kwake. "Mimi nikisema peke yangu, atasema mjane anatafuta njia. Ukisema wewe mwenye kuandika, hakuna maneno."

"Nitasema," nikamwambia.

"Jumapili."

"Jumapili, mama."

Siku zile mbili alikuwa mwepesi kama msichana. Alimwambia jirani yake juu ya ua, nikasikia yule jirani akipiga kigelegele, kisha akanipigia kelele, "Mswahili! Kumbe nilikuambia uandike, ukakataa!" Alisema kwa mzaha. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Mimi nilikaa chumbani nikijaribu kupanga maneno. Kila nilipoyapanga yalifika mahali pamoja: nilitia sahihi, nikijua. Nililiona kanisa, madawati, yule mzee na fimbo yake, watoto wakitazama. Nilimwona daktari akisikia kwa simu kwamba mwaka wake wa kazi uliharibiwa na mtu aliyemwokota kwenye lori.

Jumapili mama aliondoka mapema, maana alikuwa zamu ya kufagia kanisa. Aliniachia chai kwenye chupa na nduma mbili ndani ya sahani iliyofunikwa. Shati langu alikuwa amelipiga pasi ya makaa, limening'inia mlangoni. "Usichelewe," alisema akiwa tayari njiani. "Matangazo yakiisha tu, unasimama."

Nilikunywa chai. Nilivaa lile shati. Nakala za vitabu nikaziweka juu ya kitanda, zimepangwa vizuri, kwa kuwa nilijidanganya kwamba mtu mwingine angeweza kuzisoma. Mwenyewe nilijua zilikuwa na nambari tu. Lile jambo lenyewe halikuwa limeandikwa mahali popote. Nikafunga begi. Kaliandra iliyokuwa imesalia, zaidi ya nusu ya kipande, ilikuwa imechanua.

Barabarani nilisimamisha bodaboda. Kijana akaangalia shati, akaangalia begi.

"Kanisani ama wapi, mzee?"

"Meru."

Hakuna njia nyingine ya kwenda Meru ila kupita mbele ya kanisa. Milango ilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nilishusha kofia, nikainamisha kichwa nyuma ya mgongo wa yule kijana. Walikuwa wameshafika kwenye matangazo. Nilisikia sauti ya mwanamke ikisoma kwa Kimeru, sikuelewa, halafu nikasikia "Mswahili wetu," na kanisa zima likacheka kicheko kizuri, cha watu wanaongoja mtu wanayempenda.

Kijana alipunguza mwendo kwa sababu ya watoto waliokuwa wakicheza kando ya barabara. Nikamwambia asipunguze.